Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Avebury: yatoeni malori ndani ya duara la mawe

Kwa: Baraza la Parishi ya Avebury, Wiltshire Council, National Trust, English Heritage na Historic England

YAH: MALORI KATIKATI YA MAWE, NA MAKABURI YA KALE YANAYOLIMWA

Waheshimiwa,

Somo la hapo juu lahusika.

Naishi Devizes, mji jirani na Avebury, kazi yangu ni kutunza wazee, na kodi ya halmashauri nalipa kama jirani zangu. Nakala ya Kiingereza ya barua hii mtaipata ofisini. Hii ya Kiswahili naitoa hadharani kwa ajili ya ndugu na marafiki wanaokuja kuiona Avebury kutoka Reading, Swindon na London. Husimama kwenye vile vigeti vya kandokando ya barabara wakingoja malori yapite, huku wakiulizana: hivi barabara hii ilipitaje humu ndani? Mimi nimechoka kuwajibu. Wenye kujibu ni ninyi.

Kwa msomaji ambaye hajafika, nieleze kidogo. Avebury ni kijiji cha mashambani katika Wiltshire, kusini magharibi mwa Uingereza, na sehemu ya kijiji chenyewe imekaa ndani ya eneo la kale. Watu wa Zama za Mawe, kati ya takriban 2850 na 2200 KK, walichimba handaki la duara, udongo wa chaki wakaurundika kwa nje ukawa tuta, kisha ndani wakasimamisha mawe. Duara la nje lilikuwa na mawe yapatayo 100, na hakuna duara la mawe kubwa kuliko hilo duniani. Handaki ambalo leo watoto huteremka mbio wakicheka, wataalamu wa mwanzoni mwa karne ya 20 walipolifukua walikuta lilikwenda chini kama mita 9, na kazi hiyo ilifanywa kwa pembe za kulungu. Parishi hiyo hiyo, yaani kata ndogo ya vijijini kwa mpangilio wa huku, ina Silbury Hill, kilima kilichojengwa kwa mikono ya watu hadi kufika mita 30 hivi, kikubwa kuliko vyote vya namna yake Ulaya. Ina West Kennet Long Barrow, kaburi la ukoo lenye urefu wa karibu mita 100, lililojengwa yapata 3650 KK na kuzikiwa watu wasiopungua 36. Ina njia ndefu yenye mawe pande zote mbili, West Kennet Avenue. Na ina makaburi ya mviringo yaliyotawanyika mashambani, mengine yameshalimwa hadi yakalingana na ardhi, usiyaone mpaka jua la jioni lilale chini.

Naanza na Silbury, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mwaka 1776 waliletwa wachimba migodi, wakakitoboa kilima hicho kwa shimo la wima kutoka kileleni hadi chini, wakitumaini kukuta kaburi la mkubwa fulani. Hawakukuta. Mwaka 1849 wengine wakaingilia ubavuni. Mwaka 1968 wakaja wengine tena, safari hii na kamera za BBC. Mfalme hakuonekana, dhahabu haikuonekana, na hadi leo hakuna ajuaye kwa yakini kilima kilijengwa kwa ajili gani. Kisha, Mei 2000, kilele kikadidimia. Shimo la 1776, lililodhaniwa limejazwa zamani, likafunguka. English Heritage, watunzaji wa maeneo ya kale, ikabidi waingize mafundi na wanaakiolojia mwaka 2007 na 2008, njia ya chini kwa chini iliyochimbwa 1968 ikafunguliwa, ikachunguzwa, ikajazwa chaki kwa uangalifu mpaka mwisho. Hasara ya 1776 ililipwa katika karne ya 21, na watu ambao hawakuwahi kusikia majina ya waliochimba.

Ndivyo madhara ya maeneo ya kale yalivyo. Aliyeharibu haoni, aliyesimamia amestaafu, na bili inamkuta ofisa wa ofisi nyingine kabisa. Nikilitaja gurudumu la lori kwenye ukingo wa nyasi, au jembe la trekta linalopita juu ya kaburi la miaka 4,000, najua mtasema ni mambo madogo. Shimo la Silbury nalo lilikuwa jambo dogo kwa miaka zaidi ya 200.

Sitawasomea historia yote ya uharibifu wa Avebury, mnaijua kuliko mimi. Lakini wageni wangu hushangaa wakisikia kwamba adui mkubwa wa mawe haya hakuwa mvua wala barafu. Katika karne ya 14 wanakijiji waliyaangusha baadhi na kuyazika. Mwaka 1938, jiwe moja lililozikwa liliponyanyuliwa, chini yake ilikutwa mifupa ya mwanamume akiwa na mkasi, kifaa cha kutobolea ngozi na sarafu chache za fedha. Watu wakamwita kinyozi-mganga, kwa kuwa zamani hizo anayenyoa ndevu ndiye aliyetumbua na majipu. Mifupa ilipelekwa London, ikadhaniwa imeteketea kwa mabomu ya Vita Kuu ya Pili, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipogunduliwa kwamba ipo salama ndani ya Natural History Museum. Mtu kafichwa na jiwe miaka 600, kisha akafichwa na makabati ya makumbusho miaka mingine 60!

Waliofuata walikuwa wakali zaidi. Katika karne ya 17 na ya 18 mawe yalivunjwa ili kujengea nyumba: huchimbwa shimo pembeni, huwashwa moto mkubwa, jiwe likishapata joto hunyunyizwa maji baridi, kisha nyundo. William Stukeley, mchunguzi wa mambo ya kale aliyekuja hapa mwaka baada ya mwaka kuanzia 1719, aliona kwa macho yake mawe yakipasuliwa, akachora kilichobaki. Bila daftari zake tusingejua hata yaliposimama baadhi. Alisema pia kwamba kulikuwa na njia ya pili ya mawe kuelekea Beckhampton, kitongoji cha jirani, na kwa muda mrefu watu walimwona mtunga hadithi, maana yalikuwa yamebaki mawe mawili tu shambani, yale yanayoitwa Adam na Eve. Uchimbaji ulioanza 1999 ukakuta mashimo ya mawe na mawe yaliyozikwa. Mzee alikuwa sahihi. Nalitaja hili kwa sababu kila mara mtu anaposema "pale shambani hakuna kitu", huwa namkumbuka Stukeley.

Sasa barabara.

A4361, inayotoka Swindon kwenda Beckhampton, inaingia ndani ya tuta, inakata kona kali katikati ya kijiji, inapita mbele ya baa ya Red Lion na kutokea upande wa pili. Haipiti karibu na duara la mawe, inapita ndani yake. Kwenye mwingilio wa kaskazini limesimama jiwe pana liitwalo Diamond Stone, mojawapo ya machache ambayo hayakuwahi kuanguka wala kuangushwa, na kutoka kwenye lami hadi kwenye jiwe hilo ni hatua chache tu. Wenyeji wana hadithi kwamba jiwe hilo huvuka barabara saa sita usiku. Nami naongeza kwamba limechagua saa nzuri, maana mchana lisingeweza.

Mgeni anayetaka kuzunguka duara zima lazima aivuke barabara hiyo, kwa sababu eneo limegawanywa na barabara vipande vinne. Wazee ninaowatunza wangependa kuja, na baadhi nimeshawahi kuwaleta. Kumvusha mtu mwenye fremu ya kutembelea kwenye kona ile, dereva akiwa hakuoni mpaka ameshafika, si jambo ninalotaka kulirudia. Upande wa kusini mashariki kuna B4003, barabara nyembamba iliyolala sambamba na West Kennet Avenue na kuikatiza njia yenyewe. Magari mawili yakikutana, mmoja hupanda nyasi, na chini ya nyasi zile ndiko kuliko na mashimo ya mawe ambayo bado hayajachimbwa na mtaalamu yeyote. Kila tairi linapozama kwenye tope la Januari, ukurasa unachanika.

Ombi langu kuhusu barabara ni hili. Malori makubwa yasiyoleta mzigo Avebury wala mashamba ya jirani yasipite ndani ya duara. Yatafutiwe njia nyingine na amri isimamiwe kweli, isiishie kuwa kibao cha kupamba nguzo. B4003 ibaki kwa wakulima, waendesha baiskeli na watembea kwa miguu. Na pawepo mahali pamoja pa kuvukia ambapo mtu anayetembea polepole ataonekana mapema. Wiltshire Council ndiyo yenye barabara, hivyo hapa nawatazama ninyi kwanza.

Najua jibu mojawapo litakuwa gharama, na jingine litakuwa kwamba barabara haziondolewi. Zinaondolewa. Stonehenge na Avebury ni eneo moja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, limeandikwa kwa jina moja tangu 1986. Kule Stonehenge, barabara ya A344 iliyokuwa ikipita karibu kabisa na mawe ilifungwa mwaka 2013 na kuoteshwa nyasi, leo mgeni hajui kama ilikuwepo. Kule kule ilipigiwa hesabu barabara kuu ya A303 ifukiwe kwenye handaki la zaidi ya kilomita 3, wanasheria wakagombana miaka, mpaka serikali ilipoufuta mradi Julai 2024. Sina hamu ya kuufufua ugomvi huo. Ninachouliza ni kwa nini pacha mmoja ajadiliwe na mawaziri na mahakama, na pacha mwingine, ambaye barabara imempita tumboni, aachiwe diwani mmoja na barua za wananchi.

Na hapa niseme kama Mtanzania. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yapo kwenye orodha hiyo hiyo tangu 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini, kuta zikibomoka na bahari ikila ufuko, na hayakutolewa humo mpaka 2014 baada ya kazi ya miaka. Hatukufurahia kuwekwa, lakini tulifanya kazi. Julai 2024, kamati ya Urithi wa Dunia ilipokutana New Delhi, wataalamu walishauri Stonehenge nayo iwekwe kwenye orodha ya hatari, na kamati ikakataa. Wapo waliokuja kunieleza kwamba huo ni ushindi wa Uingereza. Mimi naona mlipewa muda, na muda huo unawahusu hata ninyi wa Avebury kwa kuwa jina ni moja.

Lakini nisieleweke vibaya, kwa maana kuna watu wataishangilia barua hii wakidhani naomba kijiji kifungwe. Hapana. Ondoeni malori, basi liacheni. Basi namba 49 ndilo linalotuleta sisi tusio na magari, kutoka Devizes upande mmoja na Swindon upande mwingine, na linatushusha pale pale Red Lion. Siku mtakayolipeleka basi pembeni kwenye maegesho ya mbali ili mawe "yapumue", Avebury itakuwa mali ya wenye magari.

Na wanakijiji wenyewe je? Hapa National Trust mna deni la zamani, japo hamkulianzisha ninyi. Alexander Keiller, tajiri aliyerithi fedha za kiwanda cha mamaledi (jamu ya machungwa) cha Dundee, aliinunua sehemu kubwa ya Avebury, na katika miaka ya 1930 akayafukua mawe yaliyozikwa, akayasimamisha tena, na palipokosa jiwe akaweka kiguzo cha zege. Kazi yake ndiyo tunayoitazama leo, na makumbusho aliyofungua 1938 yana jina lake. Mwaka 1943 aliwauzia ninyi ardhi hiyo kwa pauni 12,000. Ila Keiller alitaka duara liwe tupu. Nyumba zilibomolewa ndani ya duara, na baadhi ya wakazi wakahamia Avebury Trusloe, ng'ambo ya mto, kwenye nyumba za halmashauri. Sera hiyo iliendelea kwa muda hata baada yake kabla haijaachwa. Nikiwaeleza wageni wangu jambo hili huwa hawahitaji maelezo marefu. Sisi tunazo familia zilizoamka zikaambiwa kijiji chao sasa ni hifadhi.

Ningependa mgeni anayekanyaga nyasi zile ajue kwamba chini ya baadhi yake palikuwa na jiko la mtu, na si tu moto wa kale. Vivyo hivyo na jumba la Avebury Manor. Aliyeishi humo miaka ya 1790, Sir Adam Williamson, alikuwa gavana wa Jamaika wakati watu weusi waliendeshwa kwa mijeledi kwenye mashamba ya miwa, na alifia hapa Avebury mwaka 1798. Chumba cha kulia kilichopambwa kwa kumbukumbu ya zama zake ni kizuri sana, watu hukipiga picha. Kizuri kiwepo, na Jamaika itajwe kwa sauti ile ile inayotajia karatasi za ukutani.

Limebaki la jembe, nalo naona linasahaulika zaidi kwa sababu halipigi honi.

Sheria ya 1979 inalinda maeneo ya kale yaliyosajiliwa, na ukikutwa na kifaa cha kutafutia metali ardhini juu yake bila kibali umefanya kosa. Lakini amri ya 1994 iliyotoka chini ya sheria hiyo inamruhusu mkulima aliyekuwa akilima juu ya eneo hilo aendelee kulilima, kwa kina kile kile, bila kuomba kibali. Yaani kijana mwenye kifaa hicho mkononi ni mhalifu, trekta ni halali. Simlaumu mkulima. Shamba ni lake, mkopo ni wake, na tuta la kaburi katikati ya ngano ni kero. Ila kila msimu chaki nyeupe inaibuka juu, na ile chaki nyeupe ndiyo kaburi lenyewe linalotoka.

Dawa mnaijua, kwa sababu mmeshaitumia: kuzunguka Avebury, mashamba kadhaa yamerudishwa kuwa nyasi, mkulima akalipwa ruzuku kwa kuacha kulima, na kondoo wakafanya kazi ya kufyeka. Imefanikiwa. Udhaifu wake ni kwamba ruzuku ni mkataba wa miaka michache, nayo inategemea upepo wa London. Machi 2025 wizara ilifunga ghafla maombi mapya ya mpango wake mkubwa wa ruzuku za wakulima, na kila mtu vijijini aliona jinsi ahadi inavyoweza kuisha kwa tangazo la jioni moja. Kaburi lililokaa miaka 4,000 halipaswi kutegemea kitu cha namna hiyo. Historic England, ninyi ndio mnaomshauri waziri. Mshaurini ile ruhusa ya 1994 iondolewe hatua kwa hatua, mkulima akilipwa fidia ya kudumu, na muanzie na makaburi ya parishi hii, ambayo ramani zake mnazo.

Najua kila mmoja wenu atasema sehemu yake ni ndogo. Na ni kweli: duara liko chini ya ulinzi wa English Heritage, ila linamilikiwa na kuendeshwa na National Trust, barabara ni ya halmashauri, sheria na ushauri ni wa Historic England, malalamiko ya wanakijiji yanaishia kwenye Baraza la Parishi, ambalo halina fedha wala barabara. Mpango wa pamoja wa usimamizi wa Stonehenge na Avebury ulichapishwa mwaka 2015, nimeusoma, umeandikwa vizuri, na masuala ya barabara yamo. Ninachohitaji sasa ni jina la ofisi moja itakayosema "hili ni letu" na tarehe ya kuanza.

Mwaka 1872 hivi, viwanja vilipoanza kuuzwa ndani ya duara ili nyumba zijengwe, mtu mmoja, John Lubbock, alivinunua. Miaka kumi baadaye, 1882, akapitisha bungeni sheria ya kwanza ya kulinda maeneo ya kale nchini humu, na Silbury ikawa miongoni mwa ya kwanza kuandikwa. Hakungoja ofisi tano zikubaliane. Hata cheo chake cha ubwana alipokipata mwaka 1900 alichagua kiitwe Avebury.

Naomba mjibu kwa maandishi, hadharani, ofisi kwa ofisi, ili wanakijiji na sisi wa basi tusome kitu kimoja. Na kama mtaitisha mkutano kijijini kuhusu malori, B4003 na mashamba, nitakuja, na nitawaleta wengine. Ila tafadhali uanze mapema kidogo, umalizike kabla basi la mwisho la 49 halijapita.

Wenu,
Mtanzania, mkazi wa Devizes

Nakala: Wanakijiji wa Avebury, Avebury Trusloe, Beckhampton na West Kennett